Mugumo Mmoja Ulipona. Hiyo Mingine Je?

Mugumo wa Westlands, kando ya Waiyaki Way, ulinusurika Novemba 2020. Ulikuwa umepangiwa kung'olewa ili upishe ujenzi wa Nairobi Expressway. Wanaharakati wa mazingira, Elizabeth Wathuti akiwa miongoni mwao, wakapaza sauti hadi Rais Uhuru Kenyatta akatoa tangazo la kuulinda, na mchoro wa barabara ukarekebishwa. Mti wa takriban miaka 100, wenye kimo cha jengo la ghorofa nne, ukaachwa mahali pake.

Tulishangilia, na tulikuwa na kila sababu. Lakini barabara hiyo ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na nguzo zake nyingi zilisimikwa katikati ya Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way, palepale palipokuwa na miti. Hiyo haikupata tangazo la Rais. Ilikatwa kwa misumeno ya injini, ikaondolewa, na kufikia katikati ya mwaka wa 2022 magari yalikuwa yakipita juu.

Tusisahau nani alipoteza nini. Anayelipa ada na kupita juu kwa gari hana haja ya kivuli. Wakazi wengi wa Nairobi huenda kazini kwa miguu, na hao ndio waliobaki chini: kibarua anayetoka Industrial Area saa kumi jua likiwa bado kali, mama anayechoma mahindi, kijana wa bodaboda anayengoja abiria, mtoto anayerudi shuleni. Mti mkubwa wa barabarani uliwapa baridi, ukazuia vumbi na kupunguza nguvu ya mvua kabla haijafurika mitaroni. Jiji liliwanyang'anya hivyo vyote, na halijawarudishia.

Ni kweli kwamba sehemu kadhaa zimepandwa nyasi, maua na miche. Ni kweli pia kwamba serikali ya Rais William Ruto imeahidi miti bilioni 15 kufikia 2032, na kwamba Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa likizo ili ipande miti. Naunga mkono juhudi hizo kwa moyo wote. Hata hivyo, mche uliopandwa Aberdare haumpi kivuli anayengoja matatu kituo cha Bellevue, kwenye Mombasa Road. Kinachodaiwa na wakazi ni chepesi kueleweka: mti uliokatwa kwenye barabara fulani urudishwe kwenye barabara hiyo, au mtaa ulio jirani nayo kabisa.

Kurudisha nako kuna kazi yake. Udongo wa kando ya barabara mpya huwa umeshindiliwa na mashine na kujaa kokoto na mabaki ya saruji. Mche ukichomekwa humo, mizizi haina pa kwenda. Chini ya daraja mvua haifiki vizuri wala jua. Lazima shimo lichimbwe pana, udongo ubadilishwe, mche uzungushiwe uzio dhidi ya mbuzi na mikokoteni, kisha umwagiliwe angalau misimu miwili ya kiangazi. Hapo ndipo kampeni nyingi hufia. Viongozi hupanda, hupigwa picha, huondoka. Januari ikifika hakuna mwenye ndoo ya maji. Miche yenyewe haijawahi kuwa adimu. Imejaa kwa wauzaji wa kando ya Ngong Road: Nandi flame, mukinduri, hata mugumo. Kinachokosekana ni mtunzaji anayelipwa na anayejulikana kwa jina.

Sheria iko upande wa mwananchi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 69 kinaitaka serikali ijitahidi miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba amepata hasara. Na historia iko upande wake pia. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Alitukanwa hadharani, akaendelea kuandika barua, na jengo halikujengwa.

Pa kuanzia ni bajeti ya kaunti, ambayo hupitishwa kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1, na kabla ya hapo umma hualikwa kutoa maoni. Nenda kwenye kikao cha wadi yako. Mwulize mwakilishi wadi miti mingapi imekatwa mtaani kwenu, na mingapi imerudishwa. Kisha dai fungu la maji na mshahara wa mtunzaji liandikwe kwenye bajeti, na uondoke na nakala yake.