Herufi nene si za kupigia kelele

BUJUMBURA

WASWAHILI husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliokulia ukimbizini tuna la kuongeza: hata yenye daftari hupotea, kama daftari lenyewe halisomeki.

Nilirejea Burundi mwaka 2008 nikitokea Tanzania, pamoja na baba yangu, ambaye sasa ni marehemu. Tulikuwa na jambo moja la kuandikia barua, nalo ni shamba la familia lililoachwa mwaka 1972. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, niliketi kwenye kompyuta ya steshenari moja hapa Buyenzi, nikaichapa barua nzima kwa herufi nene, kubwa tupu, toka salamu hadi sahihi. Nilidhani ukiandika kwa unene, mkubwa atakusikia haraka.

Karani aliyeipokea aliitazama, akaigeuza, kisha akamwuliza baba, "Mzee, mnataka nini hasa?" Jina la kilima chetu lilikuwamo. Mwaka ulikuwamo, na majina ya mashahidi yalikuwamo. Lakini kila neno lilikuwa nene sawa na jingine, na fotokopi ilikuwa imeziba matundu ya herufi. Tulirudi kuandika upya.

Tangu siku ile nimejifunza kuzitazama herufi zenyewe, si maneno tu.

Ndugu msomaji, chukua kitabu chochote cha zamani cha shule. Utaona herufi zake zina vijimiguu kwenye ncha, kama vile zimesimama juu ya mstari. Ndizo ziitwazo herufi za serifu, na umbo lake linatokana na maandishi ambayo Warumi walichonga kwenye mawe. Lakini unene ulikuja baadaye sana. Kwa zaidi ya miaka 300 baada ya Gutenberg kuanza kuchapa vitabu Ulaya, mchapaji aliyetaka kukazia neno alitumia herufi za mlazo au herufi kubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, wachapaji wa London walianza kutengeneza herufi nene mno kwa ajili ya matangazo ya ukutani. Zilivuta macho, lakini hazikufaa kukaa ndani ya kitabu, kwani zilimeza ukurasa mzima.

Mwaka 1845 kiwanda cha Fann Street cha London, chini ya Robert Besley, kilitoa herufi iliyoitwa Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Ilikuwa nene, lakini kwa kiasi. Miguu yake ilikuwa imara, na iliungana na mwili wa herufi kwa mkunjo laini. Iliweza kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida bila kuzisukuma.

Wafanyabiashara wa mpakani watakielewa haraka kilichofuata. Sheria ilimpa Besley ulinzi wa miaka 3 tu. Ulipokwisha, washindani wake wakaiga, na Clarendon za kila namna zikajaa sokoni. Hata hivyo hakufilisika: mwaka 1869 alichaguliwa kuwa Meya wa London.

Kazi kubwa ya herufi za aina hiyo ikawa kwenye kamusi. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Neno unalolitafuta limekolezwa wino, na maelezo yake ni mepesi. Jicho linashuka kwenye maneno manene kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Yangekuwa yote mawe, asingejua akanyage lipi.

Leo kila steshenari ina mashine ya kufanya kazi hiyo. Herufi za Times New Roman, zilizosimamiwa na Stanley Morison na kuchorwa na Victor Lardent kwa ajili ya gazeti la The Times la London mwaka 1932, ziliingia katika kompyuta za Windows mwaka 1992. Unene wake hupatikana kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwa sababu haugharimu kitu, tunautumia ovyo.

Kwa anayevusha mzigo Kobero au Mugina, hili si suala la urembo. Herufi nene iliyochapwa ndogo huziba inaponakiliwa: e na a hujaa wino, 3 hufanana na 8. Magunia 30 yakisomeka 80, ni nani atalipia ushuru wa yale 50? Kwa upande mwingine, herufi zenye mistari myembamba sana hufifia katika fotokopi ya fotokopi.

Kwa hiyo, katika ankara, koleza jumla peke yake, na uipe ukubwa wa kutosha. Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Katika barua, koleza jambo unaloliomba na jina la mahali, basi. Kisha itoe fotokopi na uisome hiyo fotokopi, kwa sababu ndiyo karani atakayobaki nayo.

Barua yetu ya pili ilikuwa na mistari miwili tu minene: jina la kilima, na ombi letu. Karani aliisoma akiwa amesimama, akaandika namba ya jalada pembeni.

Sisemi kwamba herufi ndizo zilizoturudishia ardhi. Shauri lilichukua miaka, na mwishowe tuligawana shamba na familia tuliyoikuta pale. Lakini siku ile hakuna aliyemwuliza baba anataka nini. Alirudi nyumbani na nakala yake, akaikunja mara mbili na kuiweka ndani ya kamusi yangu, na imo humo hadi leo.