Jiko la Shule Lisitoe Moshi

Tazama jiko la shule ya kijiji chako. Je, mpishi anakohoa? Macho yake ni mekundu? Hiyo ni kazi ya moshi wa kuni. Moshi huharibu mapafu na macho. Mtoto aliyebebwa mgongoni jikoni huweza kupata nimonia.

Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari, 2024. Shule za halmashauri zimo. Anayehimiza wananchi watunze misitu, aanze na jiko lake.

Huku Rungwe watu wengi hufuga ng'ombe wa maziwa bandani. Samadi yao huweza kupika uji wa shule. Huchanganywa na maji, humiminwa katika shimo lililojengwa na kufunikwa, hewa isiingie. Humo huoza na kutoa gesi. Bomba huipeleka gesi jikoni. Masalia ni mbolea nzuri ya migomba.

Kama gesi bado, tumieni kuni kavu na jiko lenye bomba la kutolea moshi.

Mkutano wa kijiji ukiitwa, nenda. Uliza: Jiko la shule yetu litabadilishwa lini? Fedha zimetengwa?