Lami Imefika Isongole, Je, Usafiri Umefika?

Wiki hii naomba twende wote Isongole. Sisi wa mjini tukitajiwa mpaka wa kusini-magharibi tunaifikiria Tunduma peke yake, na ile foleni yake ya malori. Lakini ukiiacha Tunduma kwa njia ya Mbeya, si mbali utafika Mpemba. Hapo unakata kulia kuingia wilaya ya Ileje, na baada ya kilometa zipatazo 50 uko Isongole. Ng'ambo ya mpaka ni Chitipa, Malawi.

Zamani njia hiyo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Siku hizi ni lami. Siji hapa kuibeza lami, maana anayeibeza huyo hajawahi kushuka kwenye basi kulisukuma. Mahindi, maharage na kahawa vya Ileje vinashuka sokoni kwa urahisi zaidi, na mgonjwa aliyeko kando ya barabara anafika hospitali mapema. Swali langu ni moja tu: lami ikifika Isongole, je, usafiri umekwisha kufika Ileje?

Ileje ni nchi ya milima na mabonde. Watu wanaishi migongoni mwa vilima, mashamba yako upande mwingine, maji yako chini bondeni. Kwa mama wa huko, safari ya kwenda mjini ni ya siku mojamoja. Safari za kila siku ni kisimani, porini kutafuta kuni, shambani, mashineni kusaga, na zahanati mtoto akipata homa. Nyingi ya safari hizo hazipiti barabarani kabisa. Zinapita kwenye vijia, na chombo chake cha usafiri ni kichwa na mgongo.

Jambo hili si la kubahatisha. Katika milima ya Makete, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Iringa na sasa ni Njombe, Shirika la Kazi Duniani liliendesha mradi wa usafiri vijijini kuanzia mwaka 1985 hadi 1996. Wataalamu hawakuanza kwa kupima barabara. Waliingia vijijini wakauliza watu: mnakwenda wapi, nani anakwenda, amebeba nini, anatumia saa ngapi? Ikaonekana kuwa muda mwingi wa kusafiri unaishia ndani ya kijiji na pembeni yake, na kwamba wanawake ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo huo, kuwazidi wanaume kwa mbali.

Kutokana na majibu hayo, mradi ulishughulika na barabara, ndiyo, lakini pia na vijia vya miguu, vivuko, punda, mikokoteni na mashine za kusaga. Unaweza kuuliza, mashine ya kusaga na usafiri wapi na wapi? Hebu fikiri. Mashine ikiwa kijiji cha pili, mama anatumia nusu siku na debe la mahindi kichwani. Ikiletwa karibu, safari ile imekufa yenyewe bila kuchonga barabara hata hatua moja. Kupanga usafiri, basi, kuna milango miwili: kumpeleka mtu kwenye huduma, au kuileta huduma kwa mtu. Sisi tumezoea kubisha mlango wa kwanza tu. (Punda naye tunamdharau, ingawa mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulilazimika kupiga marufuku kumchinja kwa ajili ya ngozi, asije akatuishia.)

Mlango wa pili nao una mitego yake. Mpango wa afya ya msingi ulioanza mwaka 2007 ulikusudia zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Nia njema sana. Lakini zahanati isiyo na mganga wala dawa haipunguzi umbali, bali inauongeza. Mgonjwa ataifikia, atakuta kufuli, kisha ataanza safari ya pili.

Pikipiki za abiria, ambazo kanuni za mwaka 2010 zilizitambua rasmi, zimesaidia mno. Zinafika pasipofika gari. Hata hivyo, mama mwenye uchungu wa kuzaa utampakiaje bodaboda kwenye mteremko wa tope? Serikali mwaka 2022 ilizindua nchini kote mpango wa m-mama: unapiga 115 bila malipo, na pasipo gari la wagonjwa anatafutwa dereva wa eneo lile, naye analipwa kwa simu. Mpango mzuri. Lakini dereva atasimama pale barabara inapokatika. Kutoka hapo hadi nyumbani kwa mgonjwa ni machela na mabega ya majirani, na kama kivuko cha magogo kimechukuliwa na maji, hata machela haivuki.

Hapo ndipo na wewe wa mjini unapoingia, hata kama hujawahi kukanyaga Ileje. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, zenye urefu wa zaidi ya kilometa 144,000. Umelipia ukipanda daladala. Fedha hiyo, mimi naona, ianze kwenye sehemu korofi: kalavati hapa, mfereji pale, daraja la mawe kama yale ambayo TARURA imekuwa ikiyajenga Kigoma na kwingineko kwa gharama nafuu, kwa mawe ya palepale na mafundi wa palepale, ambao mvua ikilega jiwe wanajua kulirudisha.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Wewe mwenye wazee huko vilimani, ukipiga simu Jumapili hii, baada ya salamu waulize kama kivuko chao kimeandikwa katika mpango wa kijiji, na kama kilipofika wilayani bado kilikuwamo.