Diski Inapochelewa: Kutafuta Chanzo cha Uzito wa Kompyuta Kuukuu

Zipo shule za sekondari ambazo kompyuta zake za mezani zilikwisha kutumika miaka kadhaa mahali pengine kabla ya kufika darasani. Katika shule hizo malalamiko huwa ni yale yale: kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika moja sasa yachukua dakika kumi, barua ya ukurasa mmoja haifunguki mpaka mtu angoje, na taa ndogo iliyo mbele ya kisanduku haizimiki. Aghalabu watu husema, “Kompyuta imezeeka,” na shauri huishia hapo.

Lakini uzee peke yake si maelezo ya kisayansi. Mashine haichelewi kwa kuhesabiwa miaka. Huchelewa kwa sababu fulani iliyomo ndani yake, na sababu hiyo yaweza kutafutwa kwa utaratibu, kama daktari apimavyo dalili moja baada ya nyingine kabla ya kutoa dawa.

Jambo lililo hatarini hapa si muda tu. Ndani ya diski mna matokeo ya mitihani, orodha za wanafunzi, hesabu za ada na maswali yaliyotungwa kwa miaka mingi. Diski inayochelewa yaweza kuwa nzima kabisa, ila imeelemewa na kazi. Lakini yaweza pia kuwa inakaribia kufa. Asiyetofautisha hali hizi mbili anaweza kutoa dawa inayomwua mgonjwa.

Diski inavyofanya kazi

Diski ngumu ni chombo kinachohifadhi taarifa kwa nguvu ya sumaku. Ndani yake mna sahani moja au zaidi, za aluminiamu au kioo, zilizopakwa utando mwembamba wenye usumaku. Sahani hizo huzungushwa na mota, na juu ya kila uso huelea kichwa kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya mkono. Mkono huu huenda mbele na nyuma ukikifikisha kichwa kwenye duara inayotakiwa. Kila duara imegawanywa katika sehemu ndogo ziitwazo sekta, na humo ndimo taarifa zinamoandikwa.

Kichwa hakigusi sahani. Hubebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe. Katika diski za miaka ya 2000 nafasi kati ya kichwa na sahani ilikuwa makumi machache ya nanomita au pungufu ya hapo, hali unene wa unywele wa binadamu hukaribia nanomita 70,000. Ndiyo maana punje moja ya vumbi yaweza kuikwaruza sahani, na ndiyo maana diski haifunguliwi kamwe nje ya chumba maalumu kisicho na vumbi.

Chombo cha kwanza cha namna hii kilichouzwa, IBM 350, kilitangazwa nchini Marekani mwaka 1956. Kilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika. Na uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni 5. Mwaka 1980 diski iitwayo ST-506 iliweka megabaiti 5 katika umbo dogo lililotosha kuingia ndani ya kompyuta ya mezani. Tangu hapo uwezo wa kuhifadhi umeongezeka maelfu kwa maelfu. Kasi ya kuzunguka, hata hivyo, haikufuata mwendo huo: diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 6 tu ya ile ya mwaka 1956. Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo letu.

Hesabu ndogo

Mwanafunzi na achukue kalamu. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde. Kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sekunde 1/120, ambazo ni milisekunde 8.3. Kichwa kikishafika kwenye duara yake, hapana budi kingoje sekta inayotakiwa ipite chini yake. Kwa wastani hungoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2. Kabla ya hapo mkono nao umesafiri, na safari ya kawaida ya diski ya aina hii ni milisekunde 9 hivi. Jumla ni milisekunde 13.

Milisekunde 13 zaonekana kuwa si kitu. Lakini maana yake ni kwamba diski inayotumwa huku na huko haiwezi kwenda safari zaidi ya 75 hivi kwa sekunde. Ikiwa kila safari yaleta kilobaiti 4 tu, mazao ya sekunde nzima ni kilobaiti 300. Diski hiyo hiyo, ikisoma sekta zilizopangwa mfululizo bila mkono kuhangaika, yaweza kutoa megabaiti 60 kwa sekunde. Tofauti ni mara 200! Basi faili ya megabaiti 60 iliyopangwa vizuri husomwa kwa sekunde moja. Lakini taarifa hizo hizo zikitawanywa katika vipande 15,000 vya kilobaiti 4, zahitaji sekunde 195, yaani zaidi ya dakika tatu.

Msomaji ataona kwamba diski inaweza kuwa nzima na bado ikachelewa, kwa kuwa imepewa kazi ya kukimbia badala ya kazi ya kusoma.

Kwanza okoa, kisha tibu

Kabla ya uchunguzi wowote, nakili taarifa zote muhimu na kuziweka mahali pengine. Anza na zile zisizoweza kupatikana tena, kama vile matokeo na orodha; programu zaweza kuwekwa upya. Kisha fungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine ili uhakikishe kuwa zinasomeka.

Utaratibu huu haubadiliki, kwa sababu tiba nyingi za uzito huitumikisha diski mno. Kupanga upya faili, kwa mfano, hulazimisha mkono kwenda na kurudi kwa saa nyingi. Diski nzima hustahimili. Diski iliyo dhaifu yaweza kukata roho katikati ya kazi hiyo, ikiwa na taarifa zote ndani yake. Na iwapo diski inatoa mlio wa kugonga unaorudiwa rudiwa, mithili ya saa ya ukutani, usiendelee na jaribio lolote. Mlio huo mara nyingi ni wa kichwa kinachotafuta njia yake bila kuiona. Zima kompyuta, na ikiwa taarifa zilizomo ni za thamani kubwa, mpelekee fundi aliyebobea katika kazi ya kuokoa taarifa.

Sababu nne na dalili zake

Sababu ya kwanza ni uhaba wa kumbukumbu. Kumbukumbu ni zile chipu ambamo kompyuta huweka kazi iliyo mikononi mwake wakati umeme ukiwapo. Ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kisha huirudisha inapohitajika. Sasa, kumbukumbu hujibu kwa muda wa nanosekunde 100 hivi. Diski, kama tulivyokokotoa, hujibu kwa milisekunde 13, yaani muda mrefu zaidi mara 130,000. Kama jibu la kumbukumbu lingechukua sekunde moja, jibu la diski lingechukua siku moja na nusu. Mfumo wa Windows XP ulipotoka mwaka 2001, kumbukumbu ya megabaiti 128 ilihesabiwa kuwa ya kutosha. Programu zilizokuja baadaye zadai mara nyingi zaidi ya hapo. Kipimo chake ni rahisi: funga programu zote, ubakize moja tu. Wepesi ukirudi, mwenye lawama si diski bali ni kumbukumbu, na dawa ni kuiongeza au kupunguza programu.

Sababu ya pili ni diski kujaa na faili kukatika vipande. Faili mpya ikikosa nafasi moja ya kuitosha, hugawanywa na kuwekwa penye mianya. Programu ya kupanga upya faili iliyomo katika Windows XP huhitaji asilimia 15 ya diski iwe wazi ili ifanye kazi yake vizuri. Kwa hiyo futa kwanza visivyohitajika, kisha panga. Lakini usipange kabla ya kuhakikisha, kwa vipimo vinavyofuata, kwamba diski ni nzima.

Sababu ya tatu imo katika njia iliyo kati ya diski na kompyuta. Kompyuta za zamani ziliunganisha diski kwa waya bapa wenye pini 40. Taarifa zilipita humo kwa namna mbili. Katika namna iitwayo DMA, taarifa huingia katika kumbukumbu zenyewe, bila prosesa kuzibeba. Kiwango chake cha juu kilichozoeleka kilikuwa megabaiti 100 kwa sekunde. Katika namna ya kale iitwayo PIO, prosesa yenyewe hubeba kila fungu mkononi, kama mwalimu mkuu anayeacha ofisi ili akachote maji. Na kiwango cha juu ni megabaiti 16.7, cha chini ni 3.3 tu.

Windows XP ina desturi ya kujihami: makosa ya usafirishaji yakishajikusanya kama 6 hivi, hushusha kasi daraja kwa daraja mpaka kufikia PIO, wala hairudi juu yenyewe. Dalili yake ni kwamba prosesa huelemewa kila diski inaposoma, na hata kielekezi cha puku hurukaruka. Ili kuhakikisha, fungua Device Manager, utazame njia ya diski imeandikiwa namna gani. Ikiwa ni PIO, angalia waya kwanza. Kasi zinazozidi megabaiti 33 zahitaji waya bapa wenye nyuzi 80, si 40, na urefu wake usizidi sentimeta 46. Nyuzi 40 za ziada zimeunganishwa na ardhi ya umeme, nazo huzuia ishara za waya mmoja zisiingiliane na za jirani yake. Badilisha waya uliochakaa, kisha ondoa njia hiyo katika orodha ya Device Manager na kuwasha kompyuta upya. Itaitambua tena na kurudia kasi yake.

Sababu ya nne ni ugonjwa wa diski yenyewe. Sekta ikidhoofika, diski hairipoti mara moja kuwa imeshindwa. Hujaribu kusoma tena na tena, pengine kwa sekunde nyingi, na wakati huo kompyuta yote husimama kama iliyoganda. Umeme unaokatika katikati ya kuandika, joto na mishtuko huongeza hatari hii.

Hapa tunao msaada mkubwa. Karibu diski zote zilizotengenezwa tangu mwanzo wa miaka ya 2000 huweka daftari la afya yao wenyewe, liitwalo SMART, ambalo husomwa kwa programu kama smartctl, inayotolewa bila malipo. Safu tatu zatosha kwa kazi yetu. Safu ya 5 huhesabu sekta zilizokwisha kuharibika na kuhamishiwa kwenye akiba. Safu ya 197 huhesabu sekta zinazotiliwa shaka. Safu ya 199 huhesabu makosa yaliyotokea njiani, ndani ya waya. Ikiwa 199 inaongezeka nazo 5 na 197 ni sifuri, diski imesingiziwa: badilisha waya. Ikiwa 5 au 197 zinaongezeka wiki hata wiki, diski ni mgonjwa asiyeponyeka: badilisha diski.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweza kuthibitisha hesabu yetu kwa kompyuta yenye diski nzima na saa ya mkononi. Tayarisheni faili moja ya megabaiti 200. Tayarisheni pia folda yenye faili ndogo 2,000 ambazo jumla yake ni megabaiti 200. Nakilini ya kwanza na kuandika muda uliotumika. Washeni kompyuta upya ili kumbukumbu isikumbuke yaliyopita. Kisha nakilini ya pili. Gawanyeni megabaiti kwa sekunde, mkalinganishe. Rudieni mara tatu na kupata wastani. Kompyuta iliyowekewa diski ya chipu, isiyokuwa na mkono wala sahani, ijaribiwe pia: diski ya namna hiyo hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja, hivyo pengo kati ya majaribio mawili hutarajiwa kupungua.

Jaribio hilo laonyesha pia kwa nini kuweka diski ya chipu katika kompyuta kuukuu huweza kuifufua, mradi viungo vyake vinaoana. Lakini haifai kuinunua kabla ya kupima. Ikiwa kasoro ilikuwa waya, fedha zitakuwa zimepotea. Ikiwa ilikuwa kumbukumbu, nafuu itakuwa ya nusu.

Basi mwenye kompyuta inayochelewa na afuate mpango huu: anakili, asome daftari la afya, akague waya na namna ya usafirishaji, apime kumbukumbu, na mwisho kabisa apange faili. Wengi huanza na hatua ya mwisho kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kubonyeza. Hilo ndilo kosa linalogharimu shule kumbukumbu za miaka mingi kwa usiku mmoja.