Mzazi, Umeisoma Rosa Mistika?

Ndugu msomaji, kama una binti nyumbani, hapo Mbagala au Mwananyamala, itafute Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, ikaonekana ni kitabu kichafu. Nimeimaliza juzi, na kwa maoni yangu anayeaibika humo ni baba. Zakaria, mlevi, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume, hajafundishwa lolote juu yao. Akiwa mbali na nyumbani, anapotea. Mwishoni baba na binti wanashtakiana mbele za Mungu. Hapo soma polepole.

Kisha tazama Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin naye ameozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. (Ina mapenzi ndani, hivyo watoto walale kwanza.)

Kanisani tunaupenda Waefeso 6:1, watoto watii. Mstari wa 4 unawaonya akina baba wasiwachokoze watoto. Binti yako akiandikiwa leo, na siku hizi barua inaingia kwenye simu, je, atathubutu kukuonyesha?