Utambuzi wa Hitilafu ya Mchanganyiko Mwepesi katika Injini za Petroli Zilizofungiwa Mfumo wa Gesi Asilia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kubaini chanzo cha hitilafu ya mchanganyiko mwepesi katika magari ya petroli yaliyoongezewa mfumo wa gesi asilia iliyoshindiliwa, ambayo kwa kawaida huitwa CNG. Hoja kuu ni kwamba msimbo wa hitilafu unaosomwa katika kompyuta ya injini hauthibitishi kuwa mafuta yamepungua. Unathibitisha tu kuwa kihisi kimekuta oksijeni nyingi katika moshi. Kwa kuwa gari la aina hii lina mifumo miwili ya mafuta inayotumia injini moja, mfumo wa petroli unaweza kutumika kama kipimo cha kuhakiki mfumo wa gesi. Makala yanaonesha jinsi ulinganisho huo unavyofanyika, yanabainisha mipaka yake, na kupendekeza mpangilio wa hatua za uchunguzi unaotangulia ubadilishaji wa kifaa chochote.

Maneno msingi: gesi asilia, mchanganyiko mwepesi, kihisi cha oksijeni, masahihisho ya mafuta, utambuzi wa hitilafu

1.0 Utangulizi

Gesi asilia ya Songosongo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara mwaka 2004, hususani katika kuzalisha umeme na katika viwanda vya Dar es Salaam. Matumizi yake katika magari yalifuata baadaye, na hivi sasa teksi na magari binafsi yanayotumia CNG ni sehemu ya kawaida ya barabara za jiji hilo. Mengi ya magari hayo hayakuundwa kiwandani kwa ajili ya gesi. Ni magari ya petroli yaliyofungwa mtungi, mabomba, kipunguza mgandamizo, nozeli za gesi na kompyuta ya pili, huku mfumo wa petroli ukiachwa mahali pake.

Sababu kubwa ya wamiliki kufunga mfumo huo ni unafuu wa gharama ya mafuta kwa kila kilometa. Unafuu huo hupotea pale gari linaporudi karakana mara kwa mara. Taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, mashine ya kusomea hitilafu huonesha msimbo P0171, yaani mchanganyiko mwepesi, na kihisi cha oksijeni hubadilishwa. Baada ya siku chache taa huwaka tena. Hubadilishwa plagi, kisha nozeli, na mwishowe hulaumiwa gesi yenyewe. Kwa dereva anayepeleka hesabu kwa mwenye gari kila siku, kila safari ya karakana ni siku iliyopotea. Aidha, injini inayoendelea kufanya kazi ikiwa na mchanganyiko mwepesi chini ya mzigo mkubwa hupata joto la ziada katika vali za kutolea moshi. Gesi huingia ikiwa kavu, bila umajimaji wa petroli unaosaidia kupoza vali na vikalio vyake, hivyo madhara ya kuchelewa kutambua hitilafu ni makubwa zaidi.

Mjadala wa makala haya umejikita katika injini za petroli zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ambazo mfumo wake wa gesi una nozeli moja kwa kila silinda. Injini za kabureta hazihusiki.

2.0 Maana ya Taarifa ya Kihisi cha Oksijeni

Ili petroli iungue kikamilifu, kilo 1 ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa. Metheni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, huhitaji takribani kilo 17.2 za hewa kwa kilo 1. Uwiano huo kamili, kwa mafuta yoyote, hupewa thamani ya lamda 1. Mchanganyiko huwa mwepesi pale hewa inapozidi, na lamda hupanda juu ya 1. Huwa mzito pale mafuta yanapozidi, na lamda hushuka chini ya 1. Kihisi cha kawaida cha oksijeni hutoa takribani volti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito na takribani volti 0.1 ukiwa mwepesi. Kwa kuwa kihisi hupima oksijeni na si aina ya mafuta, kinaweza kutumika kwa petroli na kwa gesi vilevile.

Sifa hiyo hiyo ndiyo chanzo cha utata. Kihisi hakioni mafuta. Oksijeni inaweza kukifikia kwa njia nne: mafuta yamepungua, hewa isiyopimwa imeingia kwenye injini, silinda imekosa kuwaka, hali ambayo mafundi huieleza kwa kusema injini inamisi, hivyo hewa yake ikatoka bila kutumika, au hewa ya nje imevutwa kupitia ufa katika bomba la moshi kabla ya kihisi. Njia mbili za kwanza ni wepesi wa kweli. Mbili za mwisho ni wepesi wa uongo, na hatari yake ni kwamba kompyuta huongeza mafuta kwa injini isiyoyahitaji. Hivyo, gari linaweza kubeba msimbo wa mchanganyiko mwepesi huku mchanganyiko ndani ya silinda zinazowaka ukiwa mzito.

Majibu ya kompyuta kwa taarifa ya kihisi huonekana katika masahihisho mawili yanayoandikwa kwa asilimia. Sahihisho la muda mfupi hubadilika kila mara. Sahihisho la muda mrefu ni mazoea yaliyohifadhiwa katika kumbukumbu. Jumla ya masahihisho hayo ikiwa kati ya −10% na +10%, hali huhesabiwa kuwa ya kawaida. Katika magari mengi msimbo P0171 hujitokeza sahihisho linapofikia takribani +20% hadi +25%, kutegemea mtengenezaji.

3.0 Uhusiano wa Kompyuta ya Petroli na Kompyuta ya Gesi

Katika mfumo unaojadiliwa, kompyuta ya petroli ndiyo inayoamua muda ambao nozeli zingefunguka. Kompyuta ya gesi huudaka uamuzi huo, huzima nozeli za petroli, na kuugeuza muda wa petroli kuwa muda wa nozeli za gesi kwa kutumia jedwali lililoandaliwa wakati wa kufunga mfumo, pamoja na taarifa za mgandamizo na joto la gesi. Kwa kawaida kompyuta ya petroli haina taarifa kwamba mafuta yamebadilika. Inaendelea kusoma kihisi kilekile na kusahihisha kana kwamba petroli ingali inatumika.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, gesi ikipungua, kompyuta ya petroli huomba muda mrefu zaidi, na ongezeko hilo ni kipimo cha upungufu. Jedwali likiwa sahihi na vifaa vikiwa vizima, muda unaoombwa na kompyuta ya petroli haupaswi kubadilika kwa kiasi kikubwa gari linapohamishwa kutoka petroli kwenda gesi katika mzunguko na mzigo uleule. Ikichukuliwa kwa mfano kuwa muda ni milisekunde 4.0 kwa petroli na milisekunde 4.9 kwa gesi, mfumo wa gesi unatoa pungufu ambayo kompyuta imelazimika kuifidia kwa takribani 22%.

La pili, mazoea yaliyojengwa kwa mafuta ya aina moja huweza kuhamia kwa mengine. Gari lililotembea muda mrefu kwa gesi pungufu huhifadhi sahihisho la, kwa mfano, +20%. Likirudishwa kwenye petroli, sahihisho hilo hubaki kwa muda na kuifanya petroli izidi, hivyo sahihisho la muda mfupi hushuka hadi karibu −20%. Mchunguzi anayesoma sahihisho la muda mrefu peke yake atahitimisha kuwa hata petroli ina upungufu. Anayesoma jumla ataona karibu sifuri na kutambua kuwa upande wa petroli ni mzima.

4.0 Hatua za Utambuzi

4.1 Ulinganisho wa mafuta mawili

Injini hupashwa moto hadi joto lake la kazi. Jumla ya masahihisho husomwa kwa petroli, kisha kwa gesi, katika hali tatu: gari likiwa limesimama bila kukanyagiwa mafuta, kwenye mizunguko takribani 2,500 kwa dakika, na likiwa na mzigo barabarani. Kila mara mafuta yanapobadilishwa, injini huachwa itulie kabla ya kusoma.

Ikiwa petroli inaonesha +3% na gesi +22%, kasoro iko katika mfumo wa gesi au jedwali lake. Ikiwa petroli inaonesha +20% na gesi +21%, chanzo ni kile kinachoshirikiwa na mafuta yote mawili: hewa, bomba la moshi, kihisi, au uwashaji. Kubadilisha nozeli za gesi katika hali hii ya pili ni kupoteza fedha. Hata hivyo, matokeo hayo hayamwondolei dhamana fundi aliyefunga mfumo. Matundu yanayotobolewa katika manifoldi ya kuingizia hewa ili kuweka njia za gesi yakivuja, hewa isiyopimwa huingia hata gari likitumia petroli. Mpira mwembamba unaounganisha kipunguza mgandamizo na manifoldi nao ukichomoka huleta kasoro mbili kwa pamoja: hewa huvuja, na mgandamizo wa gesi hauendi tena sambamba na mzigo wa injini.

4.2 Mwenendo wa hitilafu kulingana na mzigo

Uvujaji wa hewa kwenye manifoldi huonekana zaidi gari likiwa limesimama, kwa sababu ombwe ni kubwa na hewa inayopita njia halali ni kidogo. Sahihisho la +25% likishuka hadi +5% kwenye mizunguko 2,500, uvujaji ndio wa kushukiwa kwanza. Kanuni hii inafaa magari yenye kihisi kinachopima kiasi cha hewa inayoingia. Katika magari yanayokadiria hewa kwa mgandamizo wa manifoldi, hewa iliyovuja huhesabiwa pia, na dalili huwa mzunguko wa injini kupanda badala ya mchanganyiko kuwa mwepesi. Kinyume chake, sahihisho linaloongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka huelekeza kwenye ugavi wa mafuta usiotosha au kihisi cha hewa kilichochafuka.

4.3 Kutenganisha wepesi wa kweli na wa uongo

Metheni huhitaji volti kubwa zaidi kuwashwa kuliko petroli. Koili dhaifu au plagi yenye mwanya mpana inaweza kuvumilika kwa petroli na kushindwa kwa gesi. Kwa sababu hiyo, kasoro ya uwashaji huweza kujificha ndani ya ulinganisho na kuonekana kama kasoro ya gesi. Mashine ya kupima moshi husaidia hapa. Oksijeni nyingi pamoja na mafuta mengi yasiyoungua ni dalili ya silinda kukosa kuwaka, ingawa mchanganyiko uliopitiliza kwa wepesi nao huweza kufikisha silinda hapo. Oksijeni nyingi pamoja na monoksidi ya kaboni nyingi huashiria hewa iliyoingia kwenye bomba la moshi wakati injini yenyewe inapewa mafuta kupita kiasi. Oksijeni nyingi, huku monoksidi ya kaboni na mafuta yasiyoungua vikiwa kidogo, hulingana na wepesi wa kweli. Vipimo hivyo huchukuliwa kabla ya kisafisha moshi pale inapowezekana, kwa kuwa kifaa hicho hubadilisha viwango vya gesi hizo.

4.4 Uchunguzi wa upande wa gesi

Gesi huhifadhiwa mtungini kwa mgandamizo wa takribani bari 200 na kushushwa hadi takribani bari 2 kabla ya nozeli. Mgandamizo wa chini ukisomwa wakati gari linavuta mzigo, hali tatu hujitenga. Mgandamizo ukiporomoka huku mtungi una gesi ya kutosha, hushukiwa kichujio, vali ya mtungi au kipunguza mgandamizo. Ukibaki imara huku muda wa petroli ukiwa umeongezeka kwa kiwango kinachokaribiana katika mizigo yote, jedwali halikuandaliwa vema au nozeli zote zimechafuka, mara nyingi kwa mafuta ya kulainisha yanayotoka katika mashine za kushindilia gesi. Ukibaki imara huku silinda moja tu ikitetereka, nozeli ya silinda hiyo hubadilishana nafasi na ya jirani. Kasoro ikihama, nozeli ndiyo yenye hitilafu. Jaribio hili ni muhimu kwa sababu kihisi kimoja husoma wastani wa silinda zote, na kompyuta huziongezea mafuta hata zile zisizo na upungufu.

Gesi inaposhuka mgandamizo hupoa sana, ndiyo maana kipunguza mgandamizo hupashwa joto na maji ya kupozea injini. Maji yakipungua au mapovu yakiziba mpira, barafu huweza kuonekana juu ya kifaa hicho hata katika joto la Dar es Salaam, na ugavi wa gesi hudhoofika gari likiendeshwa kwa muda. Uvujaji wa gesi hutafutwa kwa povu la sabuni au kifaa maalumu, kamwe si kwa moto. Mafundi wasiofuzu kazi ya mgandamizo mkubwa hawapaswi kufungua kiungo chochote kilicho kabla ya kipunguza mgandamizo.

5.0 Mipaka ya Ulinganisho

Mbinu hii inategemea petroli kuwa kipimo cha kuaminika. Madereva wengi huacha petroli kidogo sana tangini na kutembea kwa gesi muda wote. Pampu ya petroli, ambayo hupozwa na petroli inayoizunguka, huathirika, na nozeli za petroli zisizotumika huziba. Petroli na gesi zikionesha upungufu sawa, inawezekana ni kasoro mbili tofauti zilizokutana, si kasoro moja ya pamoja. Kwa hiyo mgandamizo wa petroli hupimwa kabla ya ulinganisho, na petroli safi hutiwa kwa kiasi cha kutosha. Pale mfumo wa petroli unapokuwa umeharibika kabisa, ulinganisho hauna msingi, na uchunguzi hutegemea vipimo vya moja kwa moja vya moshi na mgandamizo wa gesi.

6.0 Hitimisho

Mjadala umeonesha kuwa msimbo wa mchanganyiko mwepesi ni mwanzo wa uchunguzi, si jibu lake. Katika gari lenye mafuta mawili, swali la kwanza si kifaa kipi kibadilishwe, bali ni iwapo hitilafu hubaki mafuta yanapobadilishwa. Jibu la swali hilo hugawa uwezekano katika makundi mawili bila kufungua hata boliti moja. Mwenendo wa mzigo, vipimo vya moshi na mgandamizo wa gesi hukamilisha kazi. Inapendekezwa kwamba karakana zinazofunga mifumo ya CNG ziandike muda wa petroli na jumla ya masahihisho kwa mafuta yote mawili siku ya kukabidhi gari, na kumpa mwenye gari nakala. Kumbukumbu hiyo itamwezesha fundi wa baadaye kujua gari lilikuwaje likiwa zima, na itamlinda dereva dhidi ya kulipia vifaa visivyo na kasoro.