Chuo Kikuu Huru, Bodi ya Nani?

Neno uhuru ni tamu mdomoni, lakini wanaolitamka hawakusudii kitu kimoja. Wiki hii tutazame lilivyotumika katika vyuo vikuu vya Ulaya.

Septemba 1988, wakuu wa vyuo vikuu walikutana Bologna, Italia, chuo kikuu cha mji huo kilipoadhimisha miaka 900. Walitia saini mkataba unaotaka chuo kikuu kijiendeshe, na utafiti na ufundishaji wake usitawaliwe na wanasiasa wala wenye fedha.

Kujiendesha maana yake nini? Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Ulaya hupima mambo manne: uongozi, fedha, wafanyakazi na taaluma. Yaani nani anamteua mkuu wa chuo, nani anapanga matumizi, nani anaajiri, na nani anaamua kitakachofundishwa.

Finland ilipitisha sheria mpya mwaka 2009. Kuanzia Januari 2010 vyuo vikuu vilijitenga na serikali kisheria, na wahadhiri wakaacha kuwa watumishi wa serikali. Asilimia 40 ya wajumbe wa bodi, kwa uchache, lazima watoke nje ya chuo. Lakini katika vyuo vya umma wajumbe hao huchaguliwa na baraza la chuo chenyewe, ambamo wamo wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi.

Hungaria nayo ilisema inavipa vyuo uhuru. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Corvinus, mjini Budapest, kilikabidhiwa kwa wakfu, pamoja na hisa za serikali katika kampuni ya mafuta na ya dawa. Mkono mtupu haulambwi. Wengi waliona neema imekuja.

Mwaka 2020 ikawa zamu ya chuo cha sanaa za maigizo na filamu. Seneti ilipendekeza wajumbe wake wa bodi, serikali ikateua wengine. Viongozi wa chuo walijiuzulu, na wanafunzi wakalikalia jengo tangu Septemba hadi Novemba, masharti ya korona yalipowaondoa.

Hata hivyo mageuzi hayakusimama. Mwaka 2021 vyuo vingi zaidi viliingizwa katika wakfu. Wajumbe wa bodi, wakiwemo mawaziri, waliteuliwa bila ukomo wa muda, na sheria yenyewe ilihitaji theluthi mbili ya Bunge kubadilishwa. Hapo ndipo penye kiini cha mambo: chuo kilitoka mkononi mwa wizara, kikaingia mkononi mwa watu ambao hata serikali mpya isingeweza kuwaondoa kirahisi.

Desemba 2022, Umoja wa Ulaya ulizuia mikataba mipya ya fedha na wakfu hizo, zikiwemo fedha za utafiti na za Erasmus, mpango unaowapeleka wanafunzi kusoma nchi nyingine. Mapema mwaka 2023 mawaziri walijiondoa katika bodi. Lakini aliyebebeshwa mzigo ni mwanafunzi, ambaye hakuwa amemteua mjumbe hata mmoja.

Basi, msikilizaji, ukisikia chuo kikuu kimepewa uhuru, usiishie kwenye jina la sheria. Uliza: wajumbe wa bodi wanateuliwa na nani, wanakaa kwa muda gani, na nani anaweza kuwaondoa? Finland na Hungaria zote zilivitoa vyuo serikalini. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yaliyozitenganisha.